Chumba kimegeuka stoo na ari ya kukisafisha sina: nianzie wapi?

Swali: Naishi Ilomba, Mbeya, na mume wangu, watoto watatu, na mama mkwe ambaye huja kukaa nasi miezi kadhaa kila mwaka. Nyumba ina vyumba vitatu lakini kimoja kimegeuka stoo. Kuna makochi ya shemeji aliyehamishiwa Dodoma, TV ya chogo, mabaki ya ujenzi, viroba vya nguo, vyombo nilivyopata kwenye mchezo wa kupeana na akina mama wenzangu, na mabegi ya marehemu baba mkwe. Magunia yakija mwezi wa sita ndiyo mlango haufunguki kabisa. Watoto wote wanabanana chumba kimoja na mkubwa ameshaingia darasa la sita. Kila Jumamosi najiambia leo ni leo, nikifungua mlango nguvu zinaniisha, nafunga. Mume wangu kila kitu anasema "kitafaa, akiba haiozi". Ari naipata wapi?

Jibu: Dada yangu, ari hutaikuta mlangoni pa chumba hicho, na ukiisubiri ije ndipo uanze, watoto wataoa na kuolewa wakiwa bado wanabanana. Tuanze na kinachokuchosha. Ukifungua mlango ule, kila kitu kinakuuliza maswali yake: mimi ni wa nani, nitafaa lini, utanipeleka wapi, mzee akirudi utamwambiaje. Uchovu unaokushika ni wa kuamua, mikono haijafanya kitu bado. Ndiyo maana unaweza kuosha vyombo vya watu hamsini baada ya ubarikio ukalala usingizi mzuri. Pale hakuna la kuamua: chombo kichafu kinaoshwa, basi.

Sababu ya pili ni kwamba vitu vyako havina pa kutokea. Ukitoa kiroba cha nguo ukakiegesha koridoni bila kujua nani atakibeba, kitakaa wiki mbili, watoto watakifungua, na siku mgeni akipiga hodi utakirudisha kulekule. Ukifanya hivyo mara mbili, mwili unajifunza kwamba kazi hii haina faida.

Kwa hiyo wiki ya kwanza usiguse chumba. Kazi yako iko nje: jua kila aina ya kitu itatokea wapi, siku gani, kwa usafiri gani. Hilo likikamilika, kuingia ndani kunakuwa kazi ya mikono tu, na kazi ya mikono hujawahi kuishindwa.

Kabla ya hapo, badilisha lengo. "Nyumba iwe safi" ni lengo lisilo na mwisho, halimwamshi mtu saa mbili asubuhi ya baridi. Sema: "Watoto wawili walale chumba hiki ifikapo tarehe 31 Mei." Pima. Tuseme chumba chako ni futi 10 kwa 10. Kitanda cha futi 3 na nusu kwa 6 kinakula futi za mraba 21, viwili 42, na kati ya 100 zinabaki 58 za kabati na njia ya kupita. Ukichukua deka, kitanda juu ya kitanda, unatumia 21 tu. Sakafu ikianza kuonekana, chora kitanda kwa chaki, umbo kamili. Mtoto akiona mstari wa kitanda chake pale chini, atakukumbusha Jumamosi hata kama wewe umeamua kusahau.

Tarehe nayo ina sababu. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza kukatika Aprili kuelekea Mei, na mahindi yanaanza kuingia Juni. Kati ya hapo kuna wiki tano au sita ambazo stoo iko tupu zaidi kuliko wakati wowote wa mwaka na jua linatosha kuanika. Ukizikosa, subiri Septemba na Oktoba. Juni na Julai achana nayo: magunia yanaingia, baridi ni kali, kila mtu anataka blanketi zaidi, na hakuna anayetoa kitu kwa moyo mweupe akiwa anatetemeka. Kwa msomaji wa Njombe au Makete hilo ni kweli maradufu.

Sasa milango ya kutokea.

Vyuma chakavu ndiyo mlango wa haraka, na kuna sababu ya kuanza nao: vinalipa siku hiyohiyo. Wanunuzi wanapita mitaani na wengine wana vituo vyao karibu na masoko makubwa. Wananunua kwa kilo, lakini kila madini na bei yake. Shaba iko juu, alumini inafuata, chuma cha kawaida kiko chini kabisa. Ukiwapa mchanganyiko kwenye kiroba kimoja, vyote vitapimwa kwa bei ya chuma. Tenganisha: sufuria zilizotoboka na fremu za alumini peke yake, nyaya na mota peke yake, koki za zamani za shaba njano peke yake, misumari na nondo peke yake. Nyaya usizichome kutoa plastiki. Moshi ule ni sumu, na shaba iliyoungua inashuka bei. Pima nyumbani kwanza kwa mizani ya kuning'iniza, au pita kwa muuza nafaka akupimie, ili ukifika kwa mnunuzi uwe unajua kilo zako. Betri ya gari au ya sola iuze nzima na maji yake ndani. Usimwage asidi uani kupunguza uzito wa kubeba. Mtungi wa gesi usiuze kama chuma chakavu, hata ukiwa mtupu na umepauka. Urudishe kwa wakala wa kampuni ileile au umpe mtu atakayeutumia kubadilishia.

Makochi yana mlango wake: mafundi wa makochi hununua fremu za mbao ngumu hata kitambaa kikiwa kimechanika, kwa sababu watalivisha upya. Fremu ya mbao laini iliyoliwa na bungua hawaichukui. Hiyo ni kuni. Nguo nzuri zipangie mtu mwenye jina. "Nitagawa" haitoshi. Andika: sweta za mtoto, mama fulani wa jumuiya, Jumapili baada ya ibada. Takataka halisi zinangoja siku ya gari la taka, kwa hiyo ijue siku hiyo na kiroba kitoke asubuhi yake, kisitoke siku tatu kabla kikachanwa na mbwa.

Kuna mlango mmoja nakukataza: kijijini. Watu wengi wa mjini husafisha nyumba kwa kupakia makorokoro kwenye kirikuu na kuyapeleka kwa wazazi Rungwe au Mbozi, wakisema yatawafaa. Bibi anaishia na TV isiyowaka, ndoo zisizo na vishikio na viatu vya mguu mmoja, na hawezi kuvitupa kwa kuwa vimeletwa na mwanawe. Peleka kijijini kile tu ambacho wenyewe wamekitaja kwa mdomo wao kwamba wanakihitaji.

Makochi ya shemeji ni simu moja, lakini aipige mumeo. Ukiipiga wewe, utaitwa mke aliyefukuza mali za ndugu. Aseme hivi: "Chumba tunakiandaa kwa ajili ya watoto. Makochi yako tutakaa nayo mpaka tarehe 15 Mei. Ukipenda tukupakilie kwenye lori la Dodoma, tutumie nauli. Ukipenda tuuze tukutumie hela. Ukipenda tumpe mtu, mtaje. Ukikaa kimya mpaka tarehe hiyo tutauza na hela yako utaipata." Kisha ayaandike hayohayo kwenye meseji ili yabaki. Ulizeni bei ya lori kabla ya kupiga. Mara nyingi nauli ya seti kuukuu inakaribia thamani yake, na mwenyewe akiisikia ataamua ndani ya dakika mbili.

Sasa mumeo. Akiba haiozi ni kweli kwa fedha. Saruji inaganda. Mfuko uliokaa zaidi ya miezi mitatu, tena kwenye unyevu wa Mbeya, umepoteza nguvu nyingi. Bonyeza bonge kwa vidole: likisagika kuwa unga, unaweza kuitumia kwa kazi ndogo kama kuziba tundu la ukuta, likikataa kusagika, hilo ni jiwe, litoe. Mabati yaliyolala moja juu ya jingine yakiwa na majimaji katikati yanashika kutu nyeupe hata kabla hayajapanda paani. Yafute, yasimamishe kwa ubavu au yalaze kwa mwinamo, na weka vipande vya mbao kati ya machache na machache ili hewa ipite. Mbao zikigusa sakafu na ukuta zinaliwa na mchwa. Ziinue juu ya matofali. Rangi iliyobaki fungua kopo: ikiwa imeganda kama maziwa mgando au inanuka uvundo, imekufa.

Mfanye mzee akague mwenyewe, usimkagulie. Njia inayofanya kazi na mtu wa "kitafaa" ni kumpa eneo badala ya kubishana naye juu ya kila msumari. Mwambie: hapa uani chini ya upenu pana mita 2 kwa 1, ni pako, weka unachotaka, panga utakavyo, sitagusa. Kisichoenea hapo kinatoka, na wewe ndiye utakayechagua kipi. Ukibishana naye juu ya kitu kimojakimoja, kila kitu kina hoja yake na atashinda. Eneo likijaa, anabishana na eneo.

Baada ya simu hizo, ingia chumbani. Anza saa tatu asubuhi. Aprili mvua mara nyingi hupiga alasiri, na unataka viroba viwe vimeshatoka kabla ya wingu. Fungua dirisha na mlango nusu saa kwanza. Vaa barakoa na glavu. Ukiona kinyesi cha panya usifagie kikavu, vumbi lake halifai kuvutwa. Nyunyizia maji yenye dawa ya klorini, acha dakika kumi, kisha futa kwa kitambaa utakachotupa. Uwe na viroba vitatu vya kilo 50, kalamu ya kuandikia maboksi, selotepu, na boksi moja lenye mfuniko.

Eneo la siku ni mita moja ya mraba kuanzia mlangoni. Usitoe chumba chote nje, hata shoga yako akikushawishi kwamba ndiyo njia ya haraka. Kinachotokea ni hiki: saa sita uani kumejaa, umeshachoka, saa nane linanyesha, kila kitu kinarudishwa kwa kurushwa, na chumba kinakuwa kibaya kuliko asubuhi. Fanya dakika 45, kunywa chai, fanya 45 nyingine, funga.

Kiroba cha kwanza ni cha vinavyobaki, cha pili vinavyotoka, cha tatu takataka. Lile boksi ni la "sijui". Boksi ni moja tu. Likijaa, kuingiza kingine lazima utoe kimoja. Lifunge, andika tarehe, usiandike kilichomo. Litafunguliwa baada ya mwaka mzima wa kilimo, mavuno hadi mavuno. Ushauri wa miezi mitatu au sita unaosikika sehemu nyingine haufai kwetu. Koti zito halitumiki Novemba lakini Julai linaokoa mtu, na turubai la kuanikia mahindi linakaa miezi tisa bila kazi ingawa ni kitu cha lazima. Mwaka ukizunguka wote na hakuna aliyeuliza, peleka boksi zima bila kulifungua. Ukilifungua, utaanza upya.

Pasi isiyowaka, redio yenye waya uliokatika, kiti cha mguu mmoja: vyote hivi hutetewa kwa "nitatengeneza". Vipe siku 14. Kama havijafika kwa fundi ndani ya siku hizo, havikuwa na nia ya kutengenezwa.

Jumamosi ya kwanza ianze na vyuma na vifaa vya umeme, kwa sababu havina machozi na vinaleta hela. Hela hiyo usiichanganye na ya sukari. Nunua nayo kitu kitakachokaa ndani ya chumba hichohicho na kuonekana: pazia, balbu yenye mwanga mzuri, kopo la rangi. Mumeo akiuona ukuta mweupe uliotokana na sufuria zilizotoboka, hoja yako imekamilika bila maneno.

TV ya chogo bado inaonyesha ukiifunga king'amuzi, kwa hiyo kama inawaka mpe mtu asiye nayo. Kama ni mbovu, mpe fundi wa TV achukue spea. Usiivunje wala usiwaache watoto waipige mawe, kioo chake kina risasi, yale madini yenye sumu.

Vyombo vitakuchukua muda, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nadhani ndiko chumba chako kinakojazwa kila mwaka. Familia ya watu sita inaishi vizuri na sahani 12, bakuli 8, vikombe 10, sufuria nne za saizi tofauti na moja kubwa, chupa mbili za chai, mabeseni matatu. Hapo wageni sita wa ghafla wanakula bila kuazima. Kinachozidi ni cha sherehe, na sherehe yenye watu mia huilishi kwa vyombo vyako hata hivyo. Utaazima au utakodi. Vikundi vingi vya akina mama vina masufuria makubwa, sahani na viti vya kikundi. Kama chenu hakina, pelekeni pendekezo: kila mwanachama alete sahani 10 alizonazo kabatini, ziwekwe alama ya rangi ya kucha chini, zitunzwe nyumba moja yenye nafasi. Wanachama 15 wanapata sahani 150, na kabati 15 zinapumua.

Vyombo vya plastiki vilivyopauka na kupasuka pembeni vitoe, nyufa zinatunza uchafu usiooshika. Madumu ya lita 20, hesabu kwa siku za mgao wa maji: tuseme nyumba yenu inatumia madumu sita kwa siku na maji hukatika siku mbili, basi 12 yana kazi na la 13 ni kero. Na ile mifuko mbadala iliyotuandama tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, bakiza 10 imara ndani ya mfuko mmoja nyuma ya mlango wa jiko.

Nguo nazo usizipunguze kwa kipimo cha Dar es Salaam. Sare ya shule ya mtoto Mbeya iwe tatu, kwa sababu kati ya Januari na Machi sweta lililofuliwa linaweza kukaa siku mbili kwenye kamba na bado lina unyevu. Blanketi ni mbili kwa kitanda pamoja na mbili za wageni, na za mama mkwe zihesabiwe peke yake. Usitoe blanketi Februari kwa sababu unasikia joto. Kinachozidi kwa kweli ni nguo za watoto zilizobana, mitumba iliyonunuliwa kwa sababu ilikuwa rahisi, na vitenge vya sare za harusi. Sare ya harusi iliyovaliwa mara moja mpe fundi aishone foronya, aproni au gauni la mtoto, au iachie. Nguo za uchanga, ikiwa mmemaliza kuzaa, bakiza moja tu ya kumbukumbu na nyingine zipe mwenye mimba. Na zile zilizokaa na vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu zifue na kuzianika juani siku kamili kabla mtoto mchanga hajazivaa, mvuke wa vidonge vile unaweza kuharibu damu ya baadhi ya watoto.

Nguo utakazozibakiza zianike kabla ya kuzifungia. Begi la shangazi kaja lililofungwa na unyevu ndani ndicho kiwanda cha ukungu. Kabati lisogeze sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, hasa ukuta unaopigwa na mvua. Ile harufu ya uvundo mnayoisikia Machi inatoka nyuma yake.

Kwenye pembe ya stoo yoyote ya mkulima kuna kopo la dawa. Dawa ya kuhifadhia mahindi ya msimu wa juzi, chupa ya dawa ya nyanya isiyo na lebo, dawa ya panya kwenye karatasi. Vitoe siku ya kwanza, kabla mtoto hajalala humo. Usimwage mtoni wala chooni, na usichome. Muulize afisa ugani wa kata namna ya kuviondoa, na mpaka atakapokuelekeza vikae kwenye ndoo yenye mfuniko, nje ya nyumba, penye kufuli. Chupa tupu suuza mara tatu, maji yake yaende shambani unakopulizia, kisha toboa kitako ili asitokee mtu wa kuwekea mafuta ya kula.

Karatasi ziachie Jumamosi ya mwisho-mwisho. Hati ya kiwanja au mkataba wa mauziano, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya vifo, vya shule, kadi za kliniki na za chanjo: hivi havina umri, viwe kwenye faili moja la plastiki, juu ya kabati, si kwenye sanduku la chini linaloingia maji. Karatasi za biashara na kodi sheria inataka zitunzwe miaka 5. Risiti za vitu, mwisho wa dhamana. Vitabu vya shule muulize mwalimu kabla ya kumpa mtu: mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awamu, na kuna vitabu ambavyo mtoto wa chini havitamfaa. Madaftari yaliyojaa yawashie jiko, bakiza moja kwa kila mtoto kwa kila mwaka.

Mabegi ya marehemu baba mkwe usiyafungue peke yako, na kama ni nyumba ya Kinyakyusa unajua mwenyewe mipaka ya mkwe wa kike na baba mkwe. Hiyo ni kazi ya mumeo, ndugu zake na mama yao. Wewe omba jambo moja tu: wakikutana safari ijayo wapange siku. Mpaka siku hiyo mabegi yafutwe vumbi, yapandishwe juu ya kabati la chumba chenu, yasikae sakafuni kati ya vyuma na makopo. Mama mkwe akiona mzigo wa mumewe umeheshimiwa, hatapinga mengine, na yeye mwenyewe anaweza kukuambia upi wa kugawa.

Dada wa kazi akusaidie kubeba, lakini asiachiwe kuamua cha kutupa. Siku kitu kikitafutwa ndiye atakayelaumiwa. Kila koti na mkoba upekuliwe mifuko kabla haujatoka. Simu za zamani toa laini na kadi ya kumbukumbu, futa kila kilichomo. Watoto kila mmoja apewe boksi moja lake, achague mwenyewe cha kuweka. Usitupe kitu cha mtoto wakati yuko shule. Akijua umefanya hivyo mara moja, ataanza kuficha.

Mahindi. Kama watu sita mnatumia kilo 2 za unga kwa siku, mwaka mzima ni kilo 730, yaani gunia 7 za kilo 100 na kidogo, na ukikoboa ongeza kwa ajili ya pumba. Kama mmekuwa mkiingiza gunia 15, mnatunza ghala la kuuza ndani ya chumba cha watoto. Ziada iuzwe au ikae kwa mwenye ghala. Zinazobaki zikae stoo ndogo au koridoni, juu ya chaga, nusu mita kutoka ukutani ili uone panya anapopita. Mahindi yakaushwe vizuri kwanza, kisha yatiwe kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Wadudu wanakufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote, na chumba cha kulala hakinuki sumu. Ila panya akitoboa tundu moja, mfuko umekuwa salfeti ya kawaida.

Mzunguko ujao wa mchezo wa vyombo, kabla hujapokea seti nyingine ya sufuria, waombe wenzako zamu yako iwe hela, au magodoro mawili ya futi 3 na nusu. Michezo mingi hukubali mwanachama akisema mapema, kabla ya kununua.

Ikifika Jumamosi ya tatu na chaki bado haijapata pa kuchora, usianze kutafuta ari upya. Angalia kiroba cha vinavyotoka. Kama bado kiko nyumbani, kuna mlango mmoja haujafunguka: mnunuzi hajaja, shemeji hajajibu, au yule mama wa jumuiya hajaambiwa. Piga simu hiyo kwanza, ndipo urudi chumbani.